Wimbo, mweso, kadi au simu: ipi imfae mtoto anayejifunza jedwali la kuzidisha?

Karatasi ya hesabu ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, ina maswali 32, yaani 20 ya sehemu ya kwanza na 12 ya sehemu ya pili, na mtoto hupewa saa mbili na dakika 30 kuyamaliza. Kikokotoo hakiingii chumbani. Mtoto wa P.7, yaani darasa la saba, anayeinua vidole kila akikutana na 6 mara 7 huenda akapata jibu, ila dakika zake zinaishia hapo, na lile swali la eneo la shamba au la faida ya mwenye duka linabaki jeupe. Ndiyo maana wazazi wengi hapa Busia, mji wa mpakani na Kenya, wakisikia kwamba mtoto "hajui tebo", yaani jedwali la kuzidisha, hushtuka mapema, mtoto akiwa bado P.2, na wanachokimbilia ni kile walichofanyiwa wao: kuimbishwa, na fimbo ikiwa mezani.

Fimbo naiondoa kwenye ulinganisho huu tangu sasa. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Na hata kama sheria isingekuwepo, mtoto anapofanya hesabu kichwani anatumia nafasi ndogo sana ya kushikilia namba kwa muda. Hofu ikishaikalia nafasi hiyo, namba zinakosa pa kukaa. Utamwona anataja jibu lolote ili mradi akuridhishe.

Zinabaki njia ambazo mtu wa hapa anaweza kuzifanya bila kuagiza kitu kutoka mbali: wimbo, vitu vya kushika kama mweso (mchezo wa ubao wenye mashimo na kete) na vizibo vya soda, kadi, vidole, hesabu za dukani, na simu. Nimezitumia zote kwa watoto wanaokuja barazani jioni na homuweki zao. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukitafuta mshindi mmoja: vitu vya kushika vitangulie, kadi zifuate, wimbo uwe kiungo tu, na simu ingoje.

Mtoto amekwama wapi?

Mama mmoja jirani aliniambia, "Mwalimu, huyu wangu tebo zote anaimba, lakini muulize sita mara saba uone, anakutazama tu."

Nikamwambia, "Dada, mpe vizibo, akuonyeshe tatu mara nne."

Mtoto akatenga vizibo vitatu, akatenga vinne pembeni, akatulia akisubiri sifa. Basi tukajua. Huyo shida yake haikuwa kumbukumbu. Hakujua kwamba "tatu mara nne" ni mafungu matatu yenye vinne vinne, na wimbo ulikuwa umemfichia mama yake jambo hilo kwa muhula mzima.

Kipimo hicho hakichukui hata dakika mbili, na kinapaswa kutangulia kila kitu kingine. Mpe mtoto vizibo 20. Akishindwa kuonyesha 3 mara 4, hajaelewa, na hakuna kadi wala programu ya simu itakayomsaidia kwa sasa. Akionyesha vizuri lakini ukimuuliza 4 mara 6 bila mpangilio anaanza kuhesabu moja moja, ameelewa ila hana kumbukumbu. Akijibu kwa usahihi akiwa na wewe nyumbani na kuganda mbele ya darasa, huyo ana woga, na dawa yake ni tofauti na ya wale wawili. Wazazi wengi huwapa watoto wote watatu wimbo uleule.

Kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana

Jedwali la 1 hadi 10 lina vyumba 100, na chati ya ukutani inavianika vyote kwa mkupuo mmoja. Mtoto akiiangalia anaona mlima. Wewe ipunguze kwanza. 3 mara 8 na 8 mara 3 jibu ni lilelile, kwa hiyo 100 zinashuka hadi 55. Ondoa zote zenye 1, 2, 5 na 10, ambazo mtoto huzipata kwa kuhesabu kwa kuruka na kwa kushika pesa: zinabaki 21. Ondoa zenye 9, ambazo vidole vinazimaliza kama nitakavyoeleza mbele: zinabaki 15.

Hizo 15 zinaenea nyuma ya bahasha moja: 3×3, 3×4, 3×6, 3×7, 3×8, 4×4, 4×6, 4×7, 4×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8 na 8×8. Shule nyingi hupeleka watoto hadi 12, lakini 11 haisumbui mtu mpaka kwenye 9, na 12 mara 7 ni 70 ukiongeza 14. Ugumu wote uko kwenye ile bahasha. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi, swali langu kubwa ni hili: inazifikia zile 15, au inazunguka kwenye 2, 5 na 10 ambazo mtoto tayari anazo?

Mweso, drafti, kreti na trei

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, na nadhani hapa ndipo wazazi wanapopita haraka mno.

Ubao wa mweso, unaofanana na ule wa bao la watu wa pwani, una mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja. Jumla mashimo 32. Kete zake ni 64, kila mchezaji 32. Mtoto aliyezoea ubao huo tayari ameshika mbili kati ya zile hesabu 15 bila kufundishwa: 4 mara 8 ni mashimo, 8 mara 8 ni kete. Weka kete mbili kila shimo uone zinavyotosha barabara: 32 mara 2, imekwisha. Kisha chukua mstari mmoja tu, tia kete tatu tatu kwenye mashimo manne, na umuulize mtoto kabla hajahesabu. Akishajibu, ahesabu kuthibitisha. Kinachomfundisha ni ule ukaguzi anaoufanya mwenyewe, wewe ukiwa kimya.

Si lazima ununue ubao wa fundi seremala. Watoto huchimba mashimo kwenye vumbi nyuma ya nyumba na kutumia kokoto. Maharage nayo yanafaa, ila kama kuna mdogo wa miaka mitatu anayezunguka hapo, tumia vizibo. Maharage yana tabia ya kuishia puani.

Mweso una udhaifu wake. Unaonyesha mafungu, lakini hauonyeshi vizuri kwa nini 6 mara 7 na 7 mara 6 ni kitu kimoja. Mashimo sita yenye kete saba saba na mashimo saba yenye kete sita sita hayafanani kwa macho ya mtoto. Hapo nahamia kwenye drafti. Ubao wa drafti ni miraba 8 kwa 8. Funika mstari mmoja chini na safu mbili pembeni kwa vipande vya boksi, na kilichobaki wazi ni 7 kwa 6. Sasa geuza ubao upande wa pili. Miraba haijaongezeka wala kupungua, na mtoto ameona kwa macho yake kwamba nusu ya jedwali ni marudio. Nimeona watoto wakicheka hapo, kama wamemkamata mtu mzima akiwadanganya kuhusu wingi wa kazi.

Drafti ina faida nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Chukua 7 mara 8, ile ambayo hata watu wazima huisitia. Acha wazi mistari saba ya miraba minane, kisha laza penseli baada ya mstari wa tano. Juu ya penseli kuna 5 mara 8, ambayo mtoto anaijua: 40. Chini kuna 2 mara 8: 16. Jumla 56. Mtoto aliyejua kuikata hesabu ngumu kuwa mbili rahisi hatakwama kabisa siku kumbukumbu itakapomtupa. Wimbo haumpi hiyo. Kadi haimpi. Simu, kwa zile nilizoona, mara chache.

Kwa asiye na mweso wala drafti, mji mzima ni ubao. Kreti ya soda ni 4 kwa 6, chupa 24, na hiyo ni nyingine kati ya zile 15. Trei ya mayai ni 5 kwa 6. Kalenda ina safu za siku 7, kwa hiyo wiki tatu ni 21 na wiki nne ni 28. Askari wanaopokezana zamu tatu za saa nane wanalinda lango saa 24, ambayo ni 3 mara 8. Tukipita mbele ya duka la jumla huwaambia watoto wataje idadi ya chupa kwenye kreti mbili kabla hatujafika kwenye kona. Halafu kreti tatu. Wanaanza kushindana wenyewe.

Gharama ya njia hii ni karibu na bure, lakini inakula muda wa mtu mzima. Mtoto peke yake na vizibo atajenga nyumba ya vizibo. Anahitaji mtu wa kuuliza swali, si lazima mwalimu. Kaka wa P.6 anatosha kabisa.

Wimbo: rafiki wa darasa kubwa

Siupingi wimbo. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake na ubao mmoja hana njia nyingine ya kuwafanya wote wafungue midomo kwa wakati mmoja. Wimbo hauombi umeme, hauombi daftari, na mtoto anauimba akienda kuteka maji na jerikeni kichwani. Kwa 2, 5 na 10 unafanya kazi nzuri kabisa, na kwa 3 pia.

Tatizo lake linajulikana kwa kila aliyewahi kumsikiliza mtoto kwa makini. Muulize 8 mara 7, na midomo inaanza kutikisika: nane mara moja nane, nane mara mbili kumi na sita... Anapanda ngazi kutoka chini kila mara. Akikatizwa katikati, anarudi mwanzo. Wimbo umehifadhi mfuatano. Jibu moja moja halijahifadhiwa. Tena katika kwaya ya darasa zima mtoto anaweza kufungua mdomo muhula mzima akitamka kitu kisicho namba, na hakuna atakayemgundua.

Unaweza kuurekebisha. Anzeni katikati, kwenye 6, muende juu. Imbeni kwa kurudi nyuma kutoka 10. Au wewe imba swali na mtoto aimbe jibu, ukirukaruka, bila kufuata mpangilio. Njia ya kupiga makofi huwapendeza walio wadogo zaidi: mnahesabu moja, mbili, kisha kofi kwenye tatu, nne, tano, kofi kwenye sita. Wakiwa kwenye kamba ya kuruka, anayeruka anahesabu kwa tatu tatu au nne nne badala ya moja moja, na akikosea namba ametoka kama aliyekanyaga kamba. Hilo la kamba ndilo linalowashika zaidi wasichana wa P.3 wanaokuja kwangu. Wavulana hujifanya hawajali, kisha huomba zamu.

Wimbo dhidi ya mweso, basi: wimbo unashinda kwa wingi wa watoto na kwa urahisi, mweso unashinda kwa maana. Mtoto mmoja au watatu nyumbani? Chagua mweso.

Kadi, na mchezo wa matatu

Mtoto akishaelewa, kilichobaki ni kukumbuka, na kwa kukumbuka sijaona njia inayoipita kadi. Sababu yake ni rahisi: kadi inamlazimisha kulitoa jibu kichwani mwake. Kusoma chati ukutani mara ishirini kunampa mtoto hisia kwamba anajua. Kulitafuta jibu mwenyewe, hata kwa sekunde tatu za kuhangaika, ndiko kunakolikaza.

Zitengeneze kwa boksi la biskuti au manila. Swali mbele, jibu nyuma. Usiandike 100, andika zile 15, na usimpe zote pamoja. Mpe tatu mpya zikichanganywa na saba anazozijua, ili katika kila kumi awe ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Akiipata kadi leo, irudi kesho. Akiipata kesho, isubiri siku tatu, halafu wiki. Akiikosa, irudi kwenye kundi la leo bila maneno. Dakika kumi zinatosha. Saa nzima siku ya Jumapili haina nguvu ya dakika kumi za kila jioni, na tena inamfanya mtoto aichukie Jumapili.

Zile karata za kawaida ambazo vijana huchezea mchezo uitwao matatu kwenye vibaraza zina kazi pia. Toa J, Q na K, zinabaki karata 40, na A ihesabiwe kama 1. Gawa kwa wawili. Kila mmoja anafunua moja, na anayetaja jibu la kuzidisha la kwanza anachukua zote mbili. Unachezwa kwa kelele, na watoto hawajui kwamba wanasoma.

Lakini uangalie. Mchezo wa kasi unampenda aliye na kasi. Ukiweka dada wa P.5 na mdogo wa P.3 mezani, mdogo atakaa akiangalia karata zinavyohama, na atakachojifunza ni kwamba yeye si mtu wa hesabu. Badilisha sheria: wajibu kwa zamu, au mkubwa afunuliwe karata 6 kwenda juu tu na mdogo chochote kinachokuja. Wazazi wengine, hasa kwa sababu za dini, hawataki karata ndani ya nyumba kwa sababu zinahusishwa na kamari. Sioni haja ya kubishana nao, maana namba zilizoandikwa kwenye vipande vya boksi zinacheza mchezo uleule.

Vidole havina aibu

Nyoosha vidole vyote kumi mbele yako. Kwa 9 mara 4, kunja kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwa kidole kilichokunjwa kuna vitatu, kulia kuna sita: 36. Kwa 9 mara 7 kunja cha saba: sita na vitatu, 63. Inafanya kazi kutoka 1 hadi 10, na mtoto huishika kwa jioni moja. Mwambie pia ajumlishe tarakimu za jibu: 3 na 6 ni 9, 6 na 3 ni 9. Akipata jibu la 9 mara kitu ambalo tarakimu zake hazifiki 9, ajue amepotea.

Kuna nyingine ya 6 hadi 10, ya zamani zaidi, nayo huwafurahisha wa P.4. Kila mkono kidole kidogo ni 6, kinachofuata ni 7, mpaka dole gumba ambalo ni 10. Kwa 7 mara 8, gusanisha kidole cha 7 cha mkono mmoja na cha 8 cha mkono wa pili, vidole vidogo vikiwa chini. Vilivyogusana pamoja na vya chini yake ni vitano: hizo ni kumi tano, yaani 50. Juu yake mkono mmoja umebaki na vitatu, mwingine viwili: 3 mara 2 ni 6. Jumla 56. Sharti lake ni kwamba mtoto awe anajua mpaka 4 mara 4.

Walimu wengine hawataki kuona vidole. Naelewa: kuhesabu moja moja kwa vidole hadi 42 ni kupoteza muda. Lakini kukunja kidole kimoja na kusoma jibu ni kitu kingine, na mtoto mwenye woga anapata pa kushikilia asipokuwa na uhakika. Naiweka njia hii chini ya kadi, kwa sababu haimjengei kumbukumbu, na juu ya wimbo, kwa sababu inampeleka moja kwa moja kwenye jibu analotaka.

Dukani na mpakani

Sarafu zetu ni za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Kwa maneno mengine, mtoto anayetumwa dukani anafanya jedwali la 2, la 5 na la 10 kila siku, akiongeza sifuri tu. Mandazi saba ya 200 ni 1,400. Chapati nne za 500 ni 2,000. Anayetaka kumfundisha mtoto kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage) awe anamfundisha na bei yake. Hapa Busia kuna na nyongeza ambayo watoto wa Kampala hawaipati: pesa ya Kenya. Mtoto anayemsikia mama akipiga hesabu ya noti ya hamsini ya Kenya itoe ngapi za Uganda anajua mapema kwamba kuzidisha kuna watu kunawalisha.

Njia hii inashinda zote kwa kumpa mtoto sababu ya kujifunza. Kwa zile 15, haisaidii sana. Hakuna anayeuza kitu kwa shilingi saba.

Simu

Simu ina subira ambayo sisi hatuna. Inasahihisha papo hapo, haikunji uso, haimwambii mtoto "juzi si nilikuonyesha?" Kwa yule mtoto wa tatu wa mwanzo, anayeganda mbele ya watu, kufanya mazoezi peke yake bila jicho la mtu ni nafuu ya kweli.

Sasa upande wa pili. Simu nzuri ya nyumba ni ya baba au mama, na inaondoka naye asubuhi. Bando linakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Programu nyingi za bure zinaleta matangazo, na mtoto wa miaka minane hajui kulikwepa tangazo. Shule zilipofungwa, zote au kwa sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022, nyumba zilizokuwa na simu, umeme na bando ziliendelea namna fulani, na zile nyingine zikabaki na kile kilichokuwa mikononi mwa mama na bibi. Njia inayotegemea chaji na salio inaweza kukatika wakati wowote, na haifai kuwa ndiyo peke yake.

Ukiamua kuitumia, angalia mambo matatu kabla ya kumpa. Ifanye kazi bila intaneti ikishapakuliwa. Imtake mtoto aandike jibu badala ya kuchagua kati ya manne, kwa sababu kati ya manne anaweza kubahatisha na kuonekana anajua. Na saa inayohesabu kurudi nyuma izimike. Kama haizimiki, tafuta nyingine. Kwa mtoto wa chini ya P.4 mimi siitoi kabisa, maana bado anahitaji kushika kitu.

Ukiilinganisha na kadi, simu inakupunguzia kazi mzazi. Kadi inakuonyesha mtoto alipositia. Mimi nachukua kadi.

Lugha gani?

Swali hili huulizwa sana na sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, na P.4 wahamie Kiingereza, ila shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza tangu chekechea. Mtoto anaweza kuwa na Kiswahili jikoni, Kisamia kwa bibi na Kiingereza darasani. Jibu la hesabu hutoka haraka zaidi katika lugha ambayo lilikaririwa. Kwa hiyo nagawanya: mweso, drafti na maelezo yote kwa Kiswahili, maana hapo kinachotakiwa ni kuelewa, kadi na wimbo kwa lugha ya mtihani wake. Ukikariri naye kwa Kiswahili peke yake, atajua, lakini darasani atakuwa anatafsiri wakati wenzake wanajibu.

Basi uchukue nini

Mtoto wa P.1 au P.2: vizibo, mashimo ya mweso na makofi, usimwandikie chochote. Wa P.3 anayeimba vizuri na kupotea akiulizwa: zima wimbo kwa likizo nzima, rudi kwenye drafti, kisha kadi tatu tatu. Wa P.4 au P.5 anayeelewa ila ni mzito: kadi kila jioni, karata na ndugu yake mwishoni mwa wiki, vidole kwa 9, na simu kama ipo. Anayelia akiona daftari la hesabu: kreti za soda njiani na hesabu za dukani kwa muda, mpaka asahau kwamba hizo ni hesabu.

Na kwa mzazi anayefunga kibanda saa mbili usiku na kukuta watoto wanasinzia, ambao ndio wengi wetu: kadi tatu wakati sahani zinaletwa, siku tano kwa wiki. Anza na 6×7, 7×8 na 6×8. Hizo ndizo zinazowakosesha wengi, na ukizimaliza, kwenye bahasha zimebaki 12.